Anayelala Humo ni Nani?

Toleo lililopita niliandika mistari mitatu tu kuhusu nyumba zinazopangishwa kwa siku katika mitaa ya makazi, nikadhani nimemaliza. Barua zikajaa sanduku. Nimechagua sita. Zipo zenye matusi pia, nimezisoma zote, na mbili zimenichekesha kweli.

Kwa asiyenijua: nimekuwa katibu wa chama cha wakazi wa jengo letu kwa miaka tisa. Kabla ya hapo, kwa miezi saba, nilikuwa napangisha chumba changu cha wageni kwa wasafiri. Kwa hiyo ninapozungumzia mashuka ya mgeni, ni mashuka niliyoyafua mwenyewe.

Shikamoo Shangazi. Naishi ghorofa ya tatu. Fleti ya juu yangu ilinunuliwa mwaka jana na mtu ambaye sijawahi kumwona. Kila baada ya siku mbili tatu wanaingia watu wapya. Usiku wa manane nasikia magurudumu ya masanduku yakigonga ngazi, kisha mtu anahangaika na kitasa changu akidhani ndiko alikopanga. Juzi mwanangu wa miaka sita aliniuliza, "Mama, na hawa tuwaamkie?" Nikakosa jibu. Kwa nini serikali isipige marufuku biashara hii yote, tukapumzika?
— Wa Ghorofa ya Tatu

Marahaba, mwanangu. Swali la huyo mtoto limelizidi lako, nami nitalirudia kabla sijafika mwisho.

Kwanza nikwambie nilivyoaibika. Jengo letu lilipopata fleti ya namna hiyo, nilisimama mkutanoni nikasema kwa sauti kubwa kwamba kelele ni za kila usiku. Mwenye fleti, mtu mpole aliyevaa vizuri, akaniuliza, "Tarehe ngapi, mama?" Sikuwa na hata moja. Nilikaa chini. Kesho yake nikanunua daftari, nikaandika kwa siku 30 mfululizo: tarehe, saa, kilichotokea. Matokeo yalinishangaza mwenyewe. Fleti ilikuwa na wageni usiku 19. Kelele za baada ya saa nne usiku zilikuwa usiku nne tu. Lakini mara saba mtu aligonga mlango usio wake, na mara mbili maji yalivuja hadi chini bila mtu wa kumpigia simu.

Pale ndipo nilipoelewa. Wengi wa wale wageni walikuwa watu wa kawaida, wamechoka na safari, wanatafuta kitanda. Tatizo lilikuwa kwamba ufunguo uko kwenye kikasha chenye namba za siri kilichofungwa getini, msafishaji anakuja mchana na kuondoka, na mwenye mali yuko mbali. Mgeni amefika, mwenyeji hayupo. Nani amwambie taka zinatupwa wapi? Nani amwambie mlango wa kulia ni wa mama mwenye mtoto?

Sasa marufuku. Kuiandika ni rahisi. Singapore, kwa mfano, nyumba binafsi ya makazi haipangishwi kwa chini ya miezi mitatu mfululizo, basi. Lakini angalia yaliyoikuta San Francisco, Marekani, ambako Airbnb yenyewe, jukwaa la mtandaoni la kutangaza na kulipia nyumba hizi, ilizaliwa. Tangu Februari 2015 jiji hilo liliwataka wanaopangisha kwa siku wajisajili. Sheria ilikuwepo, ofisi ya kuisimamia ikaundwa, na bado watu wengi waliendelea kutangaza bila kujisajili. Kwa nini wahangaike? Ofisa hana anwani. Tangazo lina picha ya kitanda na mto, halina namba ya nyumba. Mwaka 2017 jiji lilifikia makubaliano na majukwaa, baada ya kesi, kwamba tangazo lisilo na usajili liondolewe. Ilipofika Januari 2018 na muda ukaisha, matangazo ya Airbnb jijini humo yalipungua kwa karibu nusu. Wenye nyumba walikuwa walewale na masharti yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba anayepokea pesa alilazimika kuuliza namba.

New York ikafuata njia hiyohiyo kwa ukali zaidi. Sheria yake ya mtaa namba 18 ilipitishwa mapema 2022 na kuanza kusimamiwa tarehe 5 Septemba 2023. Jukwaa haliruhusiwi kushughulikia malipo ya nyumba isiyosajiliwa. Japani nayo ilianza sheria yake tarehe 15 Juni 2018, na siku chache kabla, Airbnb ilifuta sehemu kubwa ya matangazo ya huko kwa kuwa hayakuwa na namba. Umoja wa Ulaya nao una kanuni ya mwaka 2024 iliyopangiwa kuanza kutumika tarehe 20 Mei 2026: namba ya usajili ionekane kwenye tangazo, na majukwaa yazipe mamlaka taarifa za nyumba na usiku uliopangishwa.

Kwa hiyo ukiandika barua kwa diwani wako, usiandike "pigeni marufuku" ukaishia hapo. Omba vitu viwili: daftari la usajili, na jukwaa lizuiwe kupokea pesa ya nyumba isiyo na namba. Kwa leo, nunua lako daftari. Tafuta jina la mmiliki kupitia chama cha wakazi au ofisi ya ardhi, umwandikie kwa adabu ukitaka kitu kimoja tu: namba ya simu ya mtu anayeweza kufika mlangoni ndani ya saa moja, mchana au usiku, ibandikwe ukutani chini ya ngazi. Atakayekataa hata hilo atakuwa amekupa ukurasa wa kwanza wa malalamiko yako.

Na mtoto? Mwambie awaamkie. Hawajakosa kitu.

Salaam Shangazi. Nimestaafu, watoto wamehama, na chumba cha nyuma kimebaki na kabati tu. Mara sita saba kwa mwezi nampokea mgeni mmoja au wawili. Nawafungulia mwenyewe, nawaonyesha bafu, saa tatu usiku nimelala. Sasa majirani wamezungusha barua ya "Hatutaki wapangaji wa siku" na wamesaini kumi na wanne. Mmoja wao ndiye anayeniazima ngazi kila taa ikiungua. Je, nimekuwa mhalifu uzeeni?
— Mwenye Chumba Kimoja

Hapana, dada yangu. Umekuwa mwenyeji, na neno hilo lina heshima zake.

Unachofanya ndicho kitu chenyewe kilivyoanza. Mwaka 2007 vijana wawili wa San Francisco walioshindwa na kodi waliweka magodoro ya kujaza upepo sebuleni kwao, wakapokea wageni watatu waliokosa hoteli wakati wa mkutano wa wabunifu. Mwaka uliofuata wakafungua tovuti pamoja na mwenzao wa tatu. Godoro sebuleni, mwenye nyumba chumba cha pili. Kutoka hapo hadi mtu mmoja kumiliki fleti thelathini asizolala hata moja ni safari ndefu, na bahati mbaya safari yote imepewa jina moja. Siku hizi watu husema "Airbnb" wakimaanisha chochote chenye kitanda na ufunguo wa siri. Majirani wako nao wamekosea hapohapo: wametumia neno moja kwa vitu viwili.

Watunga sheria makini wamejifunza kuvitenganisha. New York, niliyoitaja juu, inaruhusu upangishaji wa chini ya siku 30 iwapo mwenye makazi yumo ndani wakati huo, na wageni hawazidi wawili. Hiyo ni picha yako kabisa. Jimbo la British Columbia kule Kanada, tangu tarehe 1 Mei 2024, limeweka sharti katika miji mingi kwamba nyumba iwe ndiyo makazi yako makuu, pamoja na kijumba kimoja cha pembeni kama unacho. Wengine wamehesabu usiku. Amsterdam mwaka 2019 iliweka kikomo cha usiku 30 kwa mwaka ukiwa umeacha nyumba yako nzima kwa wageni, nao wasizidi wanne. London ni usiku 90 tangu 2015, zaidi ya hapo unahitaji kibali. Paris ilikuwa 120, ikashuka hadi 90 kuanzia 2025. Japani ni 180.

Mimi hizi hesabu za usiku hazinivutii sana. Usiku 30 naelewa: mtu amesafiri likizo, nyumba inapata pesa kidogo. Usiku 180 ni nusu mwaka, na nusu mwaka ni biashara kamili iliyovaa kanzu ya likizo. Halafu kuhesabu kwenyewe ni kazi. Jukwaa moja likikufungia usiku wa 90, unahamia jingine unaanza moja. Bora kuuliza kama mwenye nyumba yumo, maana hilo hata jirani anaweza kulijibu.

Fanya hivi. Kama kuna usajili unakoishi, jisajili kabla hujaulizwa. Soma karatasi ya bima yako. Bima nyingi za nyumba za kawaida hazilipi ajali ikiwa ndani kulikuwa na mgeni wa kulipia, na hilo watu hulijua sebule ikishaungua. Weka king'ora cha moshi chumbani na mtungi wa kuzimia moto jikoni. Kisha nenda kwa huyo wa ngazi, usimwendee mwenye hasira kuliko wote, ukamwombe abadilishe maneno kwenye barua: badala ya "wapangaji wa siku" waandike "nyumba zisizo na mwenyeji." Naamini angalau nusu ya wale kumi na wanne walimaanisha hivyo.

Utauliza kwa nini mimi niliacha. Si sheria iliyoniachisha. Mwezi wa saba dada yangu alinipigia simu kwamba anakuja kwenye msiba, na chumba kilikuwa kimeshalipiwa na mgeni. Alilala kwenye kochi, na akasema kochi ni zuri. Wiki ile nikafuta tangazo.

Shangazi, mwenye nyumba amenipa notisi. Mkataba ukiisha hatauhuisha kwa sababu anataka kupangisha kwa siku. Nimekaa humo miaka mitano, sijachelewesha kodi hata mwezi mmoja. Rafiki yangu anasema hizi nyumba za wageni ndizo zinazopandisha kodi duniani kote. Ni kweli au ni hasira zetu?
— Mpangaji wa Miaka Mitano

Pole sana. Ni kweli kiasi, na hicho kiasi ni vizuri ukijue, kwa sababu ukizidisha chumvi utanyamazishwa kama nilivyonyamazishwa mimi mkutanoni.

Watafiti Barron, Kung na Proserpio walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa Marekani nzima. Walikuta matangazo ya Airbnb yakiongezeka kwa asilimia 1 katika eneo, kodi hupanda kwa asilimia 0.018 na bei za nyumba kwa asilimia 0.026. Utasema hiyo si kitu. Lakini matangazo hayakui kwa asilimia moja moja. Mtaa unaweza kutoka tangazo moja hadi kumi ndani ya misimu michache, na tone likirudiwa linajaza ndoo. Jambo la pili walilokuta ndilo nililolipenda zaidi: pale ambapo wenye nyumba wengi wanaishi katika nyumba zao wenyewe, athari ni ndogo. Maana yake ni wazi ukifikiria. Anayekaa kwake akapokea mgeni hajaiondoa nyumba sokoni. Anayemtoa mpangaji ili aweke wageni ameondoa moja, na huyo mpangaji, ambaye leo ni wewe, anaingia foleni ya wanaotafuta.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililitazama hilohilo tarehe 22 Septemba 2020, katika kesi iliyotoka Paris. Mji ulikuwa unadai kibali kabla ya kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ya wageni wa muda mfupi, na unaweza kumtaka mmiliki afidie kwa kugeuza eneo jingine, la biashara, kuwa makazi. Wenye fleti walisema huko ni kuingilia uhuru wa biashara. Mahakama ikasema kupambana na uhaba wa nyumba za kupanga kwa muda mrefu ni sababu halali ya kudai kibali. Barcelona imeenda mbali zaidi ya wote ninaowajua: Juni 2024 meya wake, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni 10,101 za fleti za watalii hazitahuishwa, na ifikapo Novemba 2028 ziwe zimekwisha.

Ila nisikudanganye kwamba hiyo ni dawa ya kodi. Hata kabla New York hawajafunga mlango, jiji lile lilikuwa na uhaba mkubwa kuliko wageni wote: uchunguzi wake wa nyumba wa mapema 2023 ulikuta nyumba za kupanga zilizo wazi ni asilimia 1.4 tu. Pasipojengwa nyumba, kumfukuza mgeni kunarudisha vitanda vichache, foleni inabaki.

Sasa turudi kwako. Taka notisi kwa maandishi, na uhesabu siku zake kwa mujibu wa mkataba, usitegemee kauli ya mdomo. Ulizia halmashauri kama kugeuza matumizi ya nyumba hiyo kunahitaji kibali, kwa sababu mara nyingi mwenye nyumba hajawahi kuuliza. Na kabla ya yote, kaa naye ufanye naye hesabu. Wenye nyumba huzidisha bei ya usiku mmoja kwa 30, macho yakang'aa. Hawatoi usiku mtupu, kamisheni ya jukwaa, msafishaji wa kila mgeni, mashuka, taulo zinazoondoka na wageni, umeme ambao sasa analipa yeye, kitasa, godoro, na simu ya saa nane usiku kwamba maji ya moto hayatoki. Jengoni kwetu nilimwandikia mmoja hesabu hiyo nyuma ya bahasha, ya miezi 12, akaondoka nayo kimya. Mpangaji wake yuko bado.

Mwingine nilimwandikia vilevile, akanicheka, na fleti yake inampa pesa nzuri hadi leo. Inategemea mahali. Jaribu.

Katibu mwenzangu, katiba ya chama chetu inasema nyumba zote ni za "matumizi ya makazi tu." Nimemwandikia mwenye fleti ya wageni kwamba amevunja kifungu hicho. Wakili wake amejibu kwamba wageni wanalala, wanapika na kuoga, na hayo ndiyo makazi. Anatuchezea?
— Katibu

Hakuchezei, amesoma. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya jimbo la Texas, Marekani, iliamua kesi ya aina hiihii: chama cha wamiliki kilimtoza faini mwenzao aliyekuwa akipangisha nyumba yake kwa siku chache chache, naye akakishitaki. Masharti ya mtaa yalisema makazi tu. Majaji wakasema: maneno hayo hayataji muda, na walio ndani wanaitumia nyumba kwa kuishi, hata kama ni kwa siku mbili. Mmiliki akashinda. Huko ni huko, na mahakama zako zinaweza kuona tofauti, lakini somo la uandishi ni lilelile. Kama unamaanisha siku, andika siku.

Kwa hiyo kifungu kisomeke waziwazi: fleti haitapangishwa, yote au sehemu, kwa kipindi kinachopungua siku 30 mfululizo, isipokuwa mmiliki au mpangaji wake wa kudumu anaishi humo wakati huo. Ongeza kwamba anayepangisha atakipa chama nakala ya namba yake ya usajili na simu ya msimamizi. Ongeza nani anabeba gharama za lifti na usafi wa ngazi zikizidi, kwa sababu lifti yetu ilianza kuharibika mara mbili zaidi mwaka ule, na bili tuligawana sote sawa, hata bibi wa ghorofa ya chini ambaye haipandi kabisa. Hilo lilinikera kuliko kelele.

Kura mtahitaji, na si kura chache. Hispania, tangu Aprili 2025, anayetaka kuanzisha fleti ya watalii katika jengo la pamoja lazima kwanza aidhinishwe na wenzake kwa tatu ya tano. Ufaransa, sheria ya Novemba 2024 imeyapa baadhi ya majengo nafasi ya kuzuia kwa theluthi mbili nyumba za wageni zisizo makazi makuu ya mtu, na katiba mpya za majengo sasa lazima zitaje waziwazi kama upangishaji huo unaruhusiwa au la. Angalia za kwenu zinataka ngapi, na mpelekee rasimu wakili kabla ya mkutano, hasa kuhusu aliyeanza kupangisha kabla ya kifungu kuwepo.

Tahadhari moja. Kwenye mkutano wenu atasimama mtu aseme tuwaruhusu wenyeji wa hapa tu, wa kutoka nje hapana. Mketishe kwa upole. New Orleans, Marekani, walikuwa na sharti kwamba katika maeneo ya makazi mmiliki asipewe leseni mpaka nyumba hiyo iwe ndiyo makazi yake makuu. Agosti 2022 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikalitupa kwa kuwa linawabagua wamiliki wa nje ya jimbo. Andikeni kuhusu nyumba inavyotumika. Mmiliki katoka wapi, achaneni nako.

Shangazi, naweza kuweka kamera sebuleni ili nijue wageni wanafanya nini?
— Mwenye Wasiwasi

Hapana. Airbnb imekataza kamera zote za ndani tangu tarehe 30 Aprili 2024, hata zile zilizotajwa kwenye tangazo. Kama hofu yako ni sherehe, kuna vifaa vya kupima kiwango cha sauti visivyorekodi maneno. Viweke sehemu ya pamoja na umwambie mgeni kabla hajalipa. Na kama hofu yako ni zaidi ya hapo, pengine hii kazi si yako, jambo ambalo si aibu.

Wewe mama una wivu. Nina fleti kumi na moja, nimeajiri wasafishaji wanne, nalipa kodi zangu. Hizo sheria zenu za "makazi makuu" hazinitishi. Zikija kwetu nitaandika kila fleti kwa jina la ndugu mmoja, tuone mtafanya nini.
— Mfanyabiashara

Ndugu yangu, kuhusu wasafishaji umesema kweli, na sitaki kulipita haraka. Watu wanne wana kazi kwa sababu yako. Mji unaobadilisha sheria ghafla, wao ndio wanaoumia wa kwanza, kabla yako. Ndiyo maana naona afadhali muda wa miaka michache kama wa Barcelona kuliko tangazo la Ijumaa linaloanza Jumatatu. Kuhusu wivu, nimejipima, nimekuta kidogo.

Lakini nakushukuru zaidi kwa hiyo mbinu ya ndugu kumi na mmoja, kwa sababu umeonyesha tundu ambalo wasomaji wenzako hawakuliona. Sharti la makazi makuu likithibitishwa kwa jina tu ni karatasi. Anayetaka limshike mtu adai ushahidi wa kuishi: bili kwa jina lako, karatasi za kodi ya mapato, kitambulisho chenye anwani ileile, na usajili mmoja kwa mtu mmoja. Halafu alinganishe na taarifa za majukwaa. Ndugu yako wa nne akionekana amepangisha nyumba anamoishi usiku 300 kwa mwaka, kuna ofisa atamuuliza yeye alikuwa analala wapi, na ndugu yako atajibu akiwa chini ya kiapo. Waulize kwanza kama wako tayari. Kumi na mmoja ni wengi wa kukubali jambo moja; sisi nyumbani tuko watano na hatujakubaliana hata juu ya kochi.

Ulisaini barua yako lakini hukuweka anwani wala simu, hata ya msimamizi. Nimekagua bahasha pande zote mbili. Kama moja ya zile kumi na moja iko ghorofa ya nne, juu ya mama mwenye mtoto wa miaka sita, niandikie tena. Kuna mtu anakutafuta.